Pete ya Mkunga Noela

Mimi ni Kunegunda, muuguzi mkunga. Watoto niliowapokea kwa mikono hii hapa Songea siwezi kuwahesabu. Wengine sasa wanaendesha bodaboda. Wakinipakia hawajui kwamba mimi ndiye niliyewafuta pua siku ya kwanza. Nauli wananitoza kama kawaida!

Kazi yetu ni ya mikono. Asubuhi tukiingia zamu tunapokea ripoti, kisha tunanawa. Tunanawa kabla ya kumgusa mama. Tunanawa baada ya kumgusa. Tunanawa kabla ya kuvaa glovu, na tukizivua tunanawa tena. Mwezi wa saba baridi ya Songea inauma, na maji ya bomba yanakata vidole. Tunanawa hivyo hivyo.

Katika wodi yangu ya wazazi yuko binti anaitwa Noela. Ni mzaliwa wa Ruhuwiko, ana miaka ishirini na saba, na mikono yake ni myepesi. Mama mwenye uchungu akimwona Noela anatulia. Mimi ni mkali, sifichi. Wodi inataka mkali mmoja na mpole mmoja, na upole nimemwachia yeye.

Noela ana mchumba, jina lake Hironimus. Walijuana kwenye kwaya ya parokia. Hironimus ni afisa ugani, yaani mtaalamu anayewashauri wakulima. Alipangiwa kazi Namasakata, wilaya ya Tunduru, kwenye korosho. Kutoka kwetu ni basi la nusu siku, halafu pikipiki ya vumbi tupu. Mtandao wa simu wa kule ni wa kubembeleza. Basi ndiyo hivyo, mmoja huku, mwingine kule.

Pasaka iliyopita Hironimus alikuja na watu wake kumvisha Noela pete. Msemaji wao alikuwa Shangazi Walburga, ndiye aliyemlea Hironimus baada ya mama yake kufariki. Mimi pia nilialikwa. Pete ilipotolewa, watu walipiga vigelegele. Lo! Ilikuwa na kito cha buluu kutoka Tunduru, kikubwa kama punje ya hindi. Kilikaa juu, kimeshikwa na vikucha sita vya dhahabu. Hironimus mwenyewe alimwagiza sonara wa Tunduru akiinue.

"Nataka hata waliokaa benchi la nyuma kanisani waione," alisema. Tukacheka.

Shangazi Walburga alimshika Noela mkono. "Mwanangu," alisema, "sisi kwetu mwanamke akitaka kuvunja uchumba hasemi maneno mengi. Anavua pete, anamrudishia mshenga. Basi. Kwa hiyo pete isitoke kidoleni."

"Haitatoka, shangazi," Noela alijibu. Na mimi nilikuwepo, nikala pilau yangu, nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumanne Hironimus alirudi Tunduru. Kuanzia siku hiyo Noela alikuwa na hamu ya mtu, hamu isiyofichika. Akiandika faili alikuwa akitazama pete. Akinywa chai alikuwa akiigeuza kidoleni. Siku moja alishinda na shati la Hironimus ndani ya mkoba. Nikamuuliza la nini.

"Lina harufu yake, mama," alisema. "Usinicheke."

Sikumcheka. Nilimwambia tu, "Pete hiyo humu wodini hapana. Kabla ya kunawa, vua."

"Ndiyo, mama."

Akawa anaivua kila zamu. Anaifunga kwa pini ndani ya mfuko wa sare. Akitoka kazini anaivaa tena. Kila Jumamosi jioni Hironimus alikuwa anakwenda kusimama karibu na shule ya kijiji, ambako simu inashika. Walikuwa wanaonana kwa video dakika chache. Neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Nionyeshe mkono." Noela anauinua, kito kinang'aa, wanacheka, mtandao unakatika.

Mwezi wa sita, siku moja tulizalisha akina mama watano. Noela alitoka amechoka, akapitia Soko Kuu kununua maharage. Pete aliisahau mfukoni. Kwenye meza za dagaa wa Nyasa akakutana na Shangazi Walburga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," alisema Walburga. Macho yake yakashuka kwenye mkono wa Noela. Kidole kilikuwa kitupu. Walburga hakuuliza kitu. Alifunga dagaa wake kwenye khanga, akaondoka.

Jioni ile alipiga simu Namasakata. "Mwanangu, jikaze," alimwambia Hironimus. "Mkono wa binti ni mtupu. Nimeuona kwa macho yangu."

Jumamosi hiyo Hironimus hakupiga simu. Ya pili hakupiga. Ya tatu alituma ujumbe mfupi. Noela alinionyesha. Ulisema: "Kama umebadili mawazo, usione haya. Mpe shangazi pete."

"Lakini mimi sijabadili!" Noela alilia. "Mama, mimi usiku nalala na simu mkononi. Nampigia hapatikani. Nikimpata, sauti inakatika kabla sijamaliza kueleza. Nilimwambia naivua kwa sababu ya kazi. Akaniambia, wauguzi wangapi nimewaona na pete zao?"

Nilimwambia asilie, mambo yatakaa sawa. Maneno matupu ya mtu anayewahi zamu.

Kuanzia hapo Noela hakuvua tena pete. Alinawa nayo. Alivaa glovu juu yake, kidole kimevimba kama kimefungwa mfupa. Mimi nilimwona. Ndiyo, mimi mkali, mimi wa kelele, nilimwona nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, atatulia, ataivua. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na ndilo kubwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba alikuja mama mmoja kujifungua. Nitamwita Leticia. Si jina lake, siri ya mgonjwa ni siri. Uchungu ulikuwa umekolea. Noela alimpokea, mimi nikawa namsaidia. Mtoto alitoka vizuri, wa kiume, analia kwa nguvu. Noela alimfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake. Kisha akapokea kondo la nyuma. Alipoinua mkono, nikaona.

Glovu ilikuwa imepasuka. Kikucha kimoja cha pete kilichomoza nje kama mwiba. Damu ya mama ilikuwa imeingia ndani, imelowesha kidole chote.

"Noela, simama hapo hapo," nilisema. "Usimguse mtu. Mimi namalizia."

Hakubisha. Nilivaa glovu nyingine, nikamkagua Leticia, nikamkagua na mtoto. Ngozi ya mtoto haikuwa na mkwaruzo. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Noela alikwenda kwenye bomba. Akavua glovu, akavua pete. Chini ya pete ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika kwa unyevu, na imechubuka. Kidonda kibichi, na damu ya mtu mwingine juu yake. Uso wa Noela ulibadilika rangi.

"Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni," nilimwambia. "Usikamue. Usisugue. Usipake jiki wala spiriti. Nawa tu, taratibu."

Alinawa huku machozi yanadondoka kwenye sinki.

Nilitoa taarifa kwa daktari pale pale. Watu wengi, hata wahudumu wa afya, wakipatwa na jambo kama hili wanaficha. Wanaona aibu, au wanaogopa kugombezwa. Msifiche! Damu ikigusa kidonda, wote wawili wanapimwa, aliyeguswa na mwenye damu, kwa hiari yao. Ikionekana kuna hatari, dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zipo. Zinaanzwa mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Siku tatu zikipita haziwezi tena kusaidia. Ukificha, unapoteza hizo saa.

Leticia alikubali kupimwa upya. Noela naye akatolewa damu. Tukakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Hazikufika dakika thelathini, lakini mimi niliona kama kutwa nzima.

"Mama," Noela alisema, "kama nimeambukizwa, nitamwambia nini Hironimus? Mimi nilitaka tu ajue namsubiri."

"Yeye hakukuomba ufe kwa ajili ya pete."

"Ikiwa kidoleni, najisikia kama yuko karibu. Nikiivua, ndiyo nakumbuka kwamba yuko Tunduru." Akainamisha kichwa. "Na sasa hata simu hapigi."

Nilimkumbatia.

Majibu yalikuja salama, ya Leticia na ya Noela. Daktari akampangia tarehe za kurudi kupimwa tena, maana ndiyo utaratibu. Noela alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje nikachukua simu yangu. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka kooni. Nikampigia Hironimus mara sita. Ya saba akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi Kunegunda, mkunga. Wewe ukipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, unavaa nini?"

Alishangaa. "Barakoa, mama. Na glovu, na miwani."

"Barakoa ikitoboka?"

"Naitupa, navaa nyingine. Nawafundisha hivyo wakulima kila siku."

"Sasa pete yako leo imetoboa glovu ya Noela, katikati ya damu. Amepimwa. Yuko salama, lakini kwa bahati tu. Yeye aliivua kwa ajili ya kazi, wewe ukamnunia. Akaacha kuivua ili wewe ufurahi. Umefurahi?"

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa nyingine. "Mimi niko mbali. Sioni anakula nini, anacheka na nani. Nilitaka pale alipo kuwe na kitu changu kinachoonekana. Shangazi alipopiga simu, nililala njaa. Sikuwa na hasira, mama. Niliogopa."

Hasira zangu zikaisha hapo hapo. Kijana wa watu alikuwa na hamu ile ile.

"Basi mpigie," nilisema. "Na ukipata ruhusa, njoo tukatafute pete inayokaa na kazi yake."

Alimpigia jioni ile, na haikuwa Jumamosi. Waliongea mpaka simu ya Noela ikazima.

Kazi ya kupuliza dawa ilimshika mpaka mwishoni mwa mwezi wa nane. Hatimaye akapewa siku nne. Alifika amekonda, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Noela alikuwa kazini, kwa hiyo akamsubiri kwenye benchi la nje. Noela alipotoka walisimama tu wakitazamana. Nikawaambia, "Salimianeni basi, mnaziba mlango."

Kesho yake tulikwenda kwa sonara, mzee Majaliwa, mwenye duka mtaa wa nyuma ya soko. Tulikuwa wanne, kwa sababu Shangazi Walburga alisema hakuna pete itakayoguswa bila yeye kuwepo.

"Shikamoo mzee," alisema Hironimus.

"Marahaba, karibuni. Hiki kito ni cha kwetu Tunduru, mashallah." Majaliwa aliigeuza pete chini ya taa. "Binti anafanya kazi gani?"

"Mkunga," alisema Noela.

"Ala! Mkunga, na vikucha hivi?" Mzee alimgeukia Hironimus. "Mwanangu, ulimuuliza mwenye kidole kabla ya kuagiza?"

"Nilitaka iwe ghafla, afurahi."

"Alifurahi. Lakini mimi mtu akija kuagiza pete, swali langu la kwanza ni kazi. Fundi wa magari, mama lishe, muuguzi, kila mmoja mkono wake una mambo yake."

Alichukua pini, akachokoa chini ya kito. Ukatoka uchafu wa kijivu, laini kama unga uliolowa. Noela aliziba mdomo.

"Nilikuwa nanawa na sabuni kila mara, mzee!"

"Sabuni haifiki huku," nilidakia. "Wala dawa ya kutakasa mikono haifiki. Vijidudu vinakaa hapo chini, vina joto, vina unyevu. Unatoka navyo kwa mama huyu, unampelekea mama yule na mtoto wake."

Majaliwa akachukua karatasi, akachora. "Tufanye hivi. Pete iwe bapa, nyembamba, kingo zake ziwe za mviringo. Kito nitakikata kiwe kidogo, nikizamishe ndani ya dhahabu mpaka kiwe sawasawa na pete yenyewe. Ukipitisha kidole hakikwami. Vikucha hakuna, matundu ya nyuma hakuna. Na dhahabu iwe safi, maana ya kuchanganyachanganya inawasha watu wenye kunawa sana."

Shangazi Walburga alikunja uso. "Kito kizamishwe? Nani sasa atakiona? Pete bapa kama mkanda wa kopo!"

"Ataiona anayeivaa, dada," alisema Majaliwa. "Na anayemshika mkono."

Noela akamtazama Hironimus, Hironimus akatazama chini akitabasamu.

Mzee alimpima Noela kidole. Akamwambia arudi mchana ampime tena. "Asubuhi ya baridi kidole kinanywea, mchana kinavimba. Pete ya mkunga itoke kwa urahisi, lakini isidondoke."

"Itoke?" Walburga aliruka. "Si ndiyo tumetengeneza inayofaa ili akae nayo?"

Hapo nikaona ni zamu yangu. "Shangazi, sikiliza vizuri. Pete hii laini atakwenda nayo sokoni, kanisani, nyumbani. Hata akiwa anaandika faili, au kliniki anapowafundisha akina mama, kituo chetu kinamruhusu. Lakini kumzalisha mama, au kuingia chumba cha upasuaji, hakuna pete. Hata hii. Hata ya ndoa. Anavua kwanza, ndipo ananawa."

"Kumbe siku ile sokoni…" Walburga alisimamisha maneno.

"Nilikuwa nimezalisha watano, shangazi," Noela alisema taratibu. "Pete ilikuwa mfukoni. Nilisahau tu."

Shangazi Walburga alikaa kwenye kigoda cha sonara. "Nilikukosea, mwanangu. Ningekuuliza pale pale. Niliona kidole, sikuona uso wako umechoka vile. Nisamehe."

"Yamekwisha, shangazi."

"Hayajaisha," alisema Hironimus. "Na mimi sijaomba msamaha." Akaomba pale pale, mbele ya sonara. Majaliwa akajifanya anatafuta miwani.

Pete ilikuwa tayari siku ya tatu. Nami sikukaa bure. Mfuko wa sare si mahali pa pete, inadondoka au inakwenda na nguo za kufua. Ukingo wa sinki ndiyo kabisa. Nilitafuta kabati dogo lenye ufunguo, nikaweka ndani vikopo vyenye kifuniko, kila kimoja na jina. Siku ile ile wauguzi wanne walivua pete zao. Mmoja ilimbidi apake sabuni, miaka sita haijatoka! Tangu hapo katika wodi yetu hakuna glovu iliyopasuliwa na pete.

Siku ya nne Hironimus alipaswa kurudi. Basi la Tunduru linaondoka saa moja asubuhi, na Noela alikuwa anamalizia zamu ya usiku pamoja nami. Aliahidi kufika stendi mapema wakae pamoja japo nusu saa. Alikuwa amehesabu hiyo nusu saa tangu juzi. Saa kumi na moja na nusu, mlango ukagongwa. Mama yuko tayari kujifungua.

Noela alitazama saa ya ukutani. Nikamwambia, "Nenda, nitaita mwingine."

"Hafiki mtu kwa wakati, mama. Huyu mtoto anakuja sasa hivi."

Akaenda kwenye kabati, akavua pete, akaiweka kwenye kikopo chake. Akanawa.

Mtoto alizaliwa. Tulihakikisha mama yuko salama, tukakabidhi zamu mbio mbio, tukapanda bajaji na sare zetu mwilini. Noela alitazama saa njia nzima. Tulipoingia stendi, basi lilikuwa limeshawashwa na linarudi nyuma. Shangazi Walburga alikuwa pale, anapunga khanga, anatutazama kwa lawama.

Noela alikimbia. Basi likageuka, likaanza kutoka. Hironimus alikuwa dirishani, shingo nje, anamtafuta. Noela akainua mkono juu kabisa ili amwone.

Mkono ulikuwa mtupu. Kwenye haraka pete ilikuwa imebaki kabatini.

Mimi nikaona, na Walburga akaona. Nikamwona Hironimus anautazama ule mkono, kisha uso wa Noela, sare yake, jasho lake.

Akatoa kichwa chote dirishani, akapaza sauti stendi nzima ikasikia. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike!" Noela alipiga kelele, machozi yanamtoka, anacheka. "Kilo tatu na nusu!"

"Mungu ambariki! Kapumzike!"

Basi likashika barabara ya Tunduru. Noela alibaki ameinua mkono mpaka likapotea.

"Harusi ni Januari, mama," aliniambia. "Bado miezi mitano. Ni mingi."

"Ni mingi kweli," nilisema, maana sipendi kudanganya watu.

Shangazi Walburga alitusogelea. Aliushika ule mkono mtupu kwa mikono yake miwili, akatembea nao mpaka kwenye bajaji.